Kiputo cha Bibi Hakipandi Ndege

Jumapili, 4 Mei

Naandika nikiwa chali sakafuni. Si ulevi wala si uvivu. Ni wadhifa.

Juu yangu yuko Bibi. Ameketi, kainama, paji la uso kaliegemeza kwenye mto wenye tundu katikati, na mto umewekwa juu ya stuli mbili zilizoachana kidogo. Mimi niko chini ya tundu kama fundi chini ya lori. Daktari amesema uso utazame chini mchana kutwa, na kulala ni kifudifudi. Bibi naye hawezi kuongea bila kuona uso wa mtu. Akikosa uso, ananyanyua kichwa kuutafuta. Akinyanyua kichwa, Dada anapiga yowe. Kwa hiyo nyumba ilikaa kikao, ukachaguliwa uso wangu. Ndio mzuri kuliko zote.

Habari yenyewe ni hii. Mimi na Bibi tulikuja huku kumtembelea Dada. Yeye wa kutembelea, mimi wa kubeba mizigo. Viza zetu zinaisha Ijumaa hii. Tungekuwa tunafunga mabegi sasa. Lakini jicho la kulia la Bibi liliharibika ghafla, likafanyiwa operesheni. Daktari alieleza, Dada akatafsiri: ndani ya jicho kuna ngozi nyembamba, ilibanduka kama karatasi ya ukutani. Wameirudisha mahali pake, wakaingiza kiputo cha gesi kiikandamize mpaka ishike. Kiputo kitanywea chenyewe, polepole. Kabla hakijaisha, marufuku kupanda ndege. Huko juu kiputo kinavimba, na kikivimba, jicho kwaheri. Aliyasema hayo akitutazama mmoja mmoja. Mimi alinitazama mara mbili.

Basi viza ziongezwe muda kabla ya Ijumaa. Nani ataenda ofisi ya uhamiaji? Shemeji, mume wa Dada, akanyoosha mkono. Huyu namwita Faili, ila si mbele yake. Ana faili la kila kitu, hata la birika la umeme. Nikamwambia shemeji, pumzika, mambo ya maofisi mwachie mtaalamu. Dada anafanya kazi kiwanda cha mikate na hurudi na unga mpaka kwenye kope. Alicheka mpaka ukamwagika. Shemeji akauliza mtaalamu wa shule ipi. Shule! Shule niliiacha nilipoona haina jipya la kunifundisha.

Bibi akakata shauri kupitia tundu la mto: "Mwacheni mume wangu aende. Mdomo anao."

Ananiita mume wangu tangu nazaliwa. Utani wa bibi na mjukuu. Nami namwita mke mkubwa, ili akae akijua kuna mdogo anakuja.

Siri yangu naiandika hapa tu. Nyuma ya maghorofa kuna uwanja. Nimejiunga na timu yao, mimi golikipa. Lugha yao siijui, lakini wameshanipa jina la heshima, na Dada amenitafsiria: Mlango. Bila shaka ni kwa vile nafunga. Kombe lao linaanza mwisho wa mwezi huu, fainali ni mwisho wa Juni. Kwa hiyo mimi sitaki wiki mbili tatu. Nataka miezi sita. Bibi apone, mimi nibebe kombe. Mpango hauna tundu.

Shemeji bado anaulizia ndala yake moja iliyopotea. Nimenyamaza.

Jumatatu, 5 Mei

Hospitali kuchukua barua ya daktari. Dada alikuja, yeye ndiye ulimi wetu.

Nilimwomba Daktari aandike Bibi hawezi kusafiri miezi sita. Akasema kiputo hakikai hivyo. Nikamwomba basi achomekee na magoti. Dada akakataa kutafsiri magoti. Nikasema presha. Daktari akauliza kama Bibi ana presha. Bibi akajibu humpanda akiniona mimi. Wakacheka wote watatu. Hakuna kilichoandikwa.

Nikaona nijitolee mwenyewe. Nikasema mgongo wangu nao haufai kwa ndege. Daktari akaniambia nigeuke anipapase. Nikapiga kelele ya uchungu, kelele safi kabisa. Tatizo, alikuwa hajanigusa bado. Akasema nirudi ukianza kuuma.

Bibi naye ana kesi yake na Daktari. Anasema ni kijana mzuri lakini hakulelewa vizuri, anaingia chumbani na kwenda moja kwa moja kwenye jicho bila salamu, kama jicho limekuja peke yake. Ameamua kumfundisha. Mtu akiingia aseme hujambo, mwenzake ajibu sijambo, ndipo jicho. Daktari akajaribu. Ulimi ulimteleza, Bibi akamrudisha mlangoni aingie upya. Daktari bingwa! Akatoka, akaingia, akasema. Bibi akampigia makofi.

Barua ina mistari mitatu. Mistari mitatu! Inasema jicho la kulia lina gesi, mgonjwa asipande ndege mpaka gesi iishe, na anahitaji ndugu mmoja wa kumhudumia. Haina chumvi wala machozi. Ukimpa mtu wa ofisi barua kama hiyo atadhani ni risiti.

Shemeji amenipa faili lake. Vyeti vya kuzaliwa, sijui nakala za nini, vimepangwa kwa vibandiko vya rangi. Nimeshukuru kwa adabu. Stuli moja ya Bibi ilikuwa inayumba, na faili limeingia chini ya mguu wake kama lilizaliwa kwa kazi hiyo.

Bandeji nimepata. Kesho huko ofisini watalia.

Jumanne, 6 Mei

Siku mbaya. Naandika kwa uaminifu, ingawa kosa si langu.

Asubuhi Dada na Shemeji walipotoka kwenda kazini, nilishuka kwa mzee wa ghorofa ya chini, nikaazima kiti chake cha magurudumu. Kisha nikamfunga Bibi bandeji. Jicho moja halionekani vizuri kwa mbali, kwa hiyo nikafunga na paji. Paji likaonekana peke yake, nikafunga na kichwa. Bandeji ikabaki, nikamalizia sikio la kushoto. Bibi akauliza ni jicho ndilo linaumwa au amegongwa na treni. Nikamwambia mke wangu, kazi yako leo ni moja tu: ukiulizwa chochote, guna. Akasema ataangalia.

Njiani tulipendeza. Magari yalisimama kutupisha.

Ofisi ya uhamiaji ina viti vya plastiki vilivyofungwa sakafuni, nadhani watu walikuwa wanaviiba. Unachukua kikaratasi cha namba, unangoja namba iitwe. Tuliitwa dirisha la mwisho. Nyuma ya kioo yuko Afisa, tai imenyooka, kalamu zimesimama kwenye kikombe kwa urefu wao. Nikasema moyoni, huyu na Shemeji wamenyonya ziwa moja.

Sheria yao, ndugu haruhusiwi kutafsiri. Anatafsiri mkalimani wa simu. Afisa akabonyeza, ikatoka sauti ya mwanamke, Kiswahili fasaha, tamu kama redio: "Shikamoo bibi."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuoza. Bibi alikuwa hajasikia shikamoo ya mtu mgeni tangu tulipofika. Akaitikia marahaba mwanangu. Akauliza hujambo. Akauliza za kazi, za nyumbani, za wazazi. Mkalimani akajibu salama, salama, wazee wapo. Wakafika kwenye watoto. Mkalimani anao wawili, wa pili anasumbua kula. Bibi akampa dawa ya mtoto asiyekula. Afisa akauliza yanasemwa nini. Mkalimani akasema bado wanasalimiana.

Hatimaye Afisa akapata nafasi. Akasoma ile barua ya mistari mitatu, akasema mkalimani amwulize bibi, hali yake ikoje.

Nikaminya kiti kumpa ishara. Guna sasa!

Bibi akasimama. Kwenye kiti cha magurudumu! Akasimama wima, akanyanyua uso alioambiwa asiunyanyue, akasukuma bandeji juu kama kofia amwone mwenzake vizuri, akasema kwa sauti ya watu wa mbali: "Mwambie sijambo kabisa! Mzima wa afya, sina neno. Yeye je? Na watoto wake?"

Ikabidi nigune mimi. Afisa akauliza mgonjwa ni nani kati yetu.

Ningeweza kuokoa jahazi. Lakini Afisa akauliza huyu kijana ni nani kwake. Na Bibi, akiwa amechangamka kwa zile salamu, akanipiga bega na kusema, "Huyu? Huyu ndiye mume wangu."

Mkalimani akakohoa. Kisha akatafsiri, maana kazi yake ni kusema lililosemwa.

Afisa akafungua pasipoti ya Bibi. Akafungua yangu. Akarudi kwa ya Bibi. Nikapayuka kuwa ni utani. Akauliza utani ni ndoa au ni ugonjwa. Akauliza pia kwa nini barua inataja jicho la kulia na sisi tumefunga sikio la kushoto. Nilikuwa na jibu zuri sana, sema lilichelewa kuja. Limekuja jioni hii, nikiwa naosha vyombo.

Akarudisha karatasi zetu kwenye upenyo wa kioo. Tuje Alhamisi na uthibitisho wa udugu wetu, naye atampigia Daktari mwenyewe. Asiporidhika, Ijumaa tuwe tumeondoka.

Kurudi, namsukuma Bibi, nikamlaumu. Nimemwambia agune, yeye kasimama kutangaza afya. Bibi akasema, akitazama viatu vyake: "Kaniuliza hali, nikamjibu hali. Mtu hajajua hata jina langu nimmwagie magonjwa? Angeuliza jicho, ningemweleza jicho."

Sikumwelewa. Wazee wana mafumbo yao.

Jumatano, 7 Mei

Adhabu. Naosha kila kitu, hata visivyochafuka.

Mzee wa ghorofa ya chini alimweleza Dada habari za kiti chake. Dada akauliza, Bibi akasema yote, tena kwa kujisifu. Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza tu kwa sauti ndogo Bibi alinyanyua uso kwa muda gani. Kisha akaingia jikoni akafungua bomba, na maji yakatiririka muda mrefu bila chombo kuoshwa. Namjua dada yangu. Bomba lile halikuwa la vyombo.

Shemeji akauliza faili liko wapi. Nikamwonyesha. Akapiga magoti, akalitoa chini ya stuli, akalifuta vumbi kwa shati lake kama mtu anayemfuta mtoto pua. Akaenda kumpigia msimamizi wake wa ghala kuomba ruhusa ya kesho. Stuli ikaanza kuyumba tena. Sasa mguu wake nimeuwekea ile ndala moja ya Shemeji iliyobaki.

Mchana nilibaki na Bibi, mimi chini, yeye juu. Akaniambia anakiona kiputo. Kiko ndani ya jicho kama tone la maji ndani ya chupa, akitikisika kinatikisika. Akauliza, hivi likienda hili, lile la kushoto litatosha? Maana la kushoto limechoka zamani, linaona mtu kama amesimama nyuma ya moshi. Nikamwambia mke wangu, ukipofuka utanufaika, hutauona uzee wangu. Akacheka. Tukatazamana hapo, sijui kwa muda gani. Uso wa Bibi ukiutazama kutoka chini una mikunjo mingine, haionekani akiwa amekaa sawa.

Sikuwaza kombe hata kidogo. Labda kidogo.

Ndipo akili ikanijia. Tatizo la jana ni nini? Ni Bibi kuongea. Basi asiongee! Kesho Bibi ni bubu. Sauti imekauka kwa dawa za operesheni. Barua itaongea, nami nitaongezea penye upungufu. Bibi akauliza hata salamu? Nikasema hata salamu. Akauliza hata ya yule binti wa simu? Nikasema huyo hasa. Akanitazama kwa lile jicho moja, akasema haya, nimwonyeshe ububu unafanywaje.

Tumefanya mazoezi tangu alasiri. Nimemwuliza hili na lile, kimya. Nimemwambia chakula kimeungua, kimya. Dada aliporudi na kumsalimia, kimya, mpaka akaangusha mkoba na kutaka kuita gari la wagonjwa. Mafanikio makubwa. Ningekuwa mwalimu, watu wasingeacha shule.

Alhamisi, 8 Mei

Niandike taratibu nisiruke kitu.

Tulikwenda watatu. Shemeji alikumbatia faili lake njia nzima. Safari hii hakuna bandeji wala kiti cha kuazima. Ni Bibi na kitambaa cha jicho alichopewa na Daktari, na stuli zetu mbili na mto chini ya kwapa langu.

Tukapanga stuli mbele ya dirisha. Bibi akainama. Nami, kwa mazoea, nikajilaza chini ya tundu. Mlinzi akaja mbio akidhani nimezirai, akataka kunivuta miguu. Shemeji akafungua faili, kibandiko cha kijani, akamwonyesha maelekezo ya Daktari kuhusu kuinama. Mlinzi akasoma. Akasogeza kiti cha mtu mwingine nisije nikakanyagwa.

Afisa akasema, Shemeji akininong'oneza tafsiri, kuwa amezungumza na Daktari, na kuhusu gesi amepata maelezo. Lakini lazima mgonjwa mwenyewe ahojiwe, na suala la mume bado. Nikanyanyua mkono kutoka sakafuni. Nikatangaza, kwa vidole na yale maneno machache ninayoyajua, kuwa Bibi amekauka sauti tangu jana. Bubu. Shemeji akanitazama kama mtu aliyeona faili linaungua.

Afisa hakubishana. Akabonyeza simu. Sauti ileile.

"Shikamoo bibi."

Kimya. Namwona Bibi kupitia tundu. Midomo kaibana.

Mkalimani akadhani hakusikika. "Shikamoo bibi yangu."

Mashavu ya Bibi yakaanza kujaa. Nikamtolea macho. Nikatikisa kichwa. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Sijawahi kuona mtu akiteswa vile na neno moja. Shikamoo imeletwa mara mbili, kwa adabu, na mtoto wa watu, nayo imewekwa pale juu hewani haipokelewi! Mkalimani akashusha sauti, kwa wasiwasi kabisa: "Bibi, shikamoo. Uko salama?"

"MARAHABA!" Foleni nzima iligeuka. "Marahaba mwanangu, marahaba zote tatu! Nisamehe mama, si kiburi. Ni huyu mume wangu kanifunga mdomo!"

Mkalimani akatafsiri. Yote. Hakuacha hata nukta.

Afisa akafunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia kwa hasira. Shemeji akafungua faili upesi, vibandiko vitatu kwa mpigo: cheti cha kuzaliwa cha Mama kikiwa na jina la Bibi, changu kikiwa na jina la Mama, na cha Dada kwa uzito. Vyeti vikapita kwenye upenyo kimoja kimoja. Mkalimani naye akaomba ruhusa aseme jambo lisilo tafsiri. Akaeleza kwamba kwetu bibi humwita mjukuu wa kiume mume, na mwanamume mwenye akili hukubali tu. Afisa akatoa uso kwenye viganja. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. Akasema bibi yake mwenyewe alikuwa akimwita jenerali, naye mpaka leo hajavaa gwanda.

Kisha akaacha kucheka. Akasogea kwenye tundu la kioo, akainamisha na yeye kichwa, akauliza. Hakuuliza hali safari hii.

"Anauliza," mkalimani akasema, "jicho linaendeleaje?"

Bibi akavuta pumzi ndefu. "Ah, jicho. Jicho, mwanangu, wee acha tu."

Na hapo ndipo bwawa lilipopasuka. Sauti yake haikufika kwenye kioo, basi Afisa akatoa kile chombo cha simu kupitia upenyo, waya ukatosha, nami nikakishika chini ya uso wake nikiwa chali. Kila neno lilipita juu yangu.

Alisema lilianza kama pazia jeusi linalovutwa kutoka pembeni. Akaficha. Alijua akisema, ziara ya wajukuu itageuka hospitali. Akawa anakaa upande wa dirisha ili asijikwae. Siku moja akalisalimia koti lililotundikwa nyuma ya mlango, akaliuliza na habari za kazini. Nyumba nzima ikacheka, na yeye akacheka nao ili yapite. Huyu mjukuu wake peke yake hakucheka. Huyu ambaye anacheka hata msibani. Alikuja akamziba jicho la kushoto kwa kiganja, akamwuliza ni vidole vingapi. Akamjibu vidole gani. Basi hakuuliza tena, akambeba mgongoni, lifti imekufa, ngazi zote zile, mpaka hospitali, anakimbia na ndala moja. Daktari akasema wangengoja mpaka kesho yake, jicho lisingekuwepo.

Hayo sikuyaandika humu kwa sababu ndala ilikuwa ya Shemeji, na kesi yake bado haijaisha.

Bibi akasema yeye upofu haumwogopeshi sana, ameshaona mengi. Ila huyu mume wake bado hajapata akili, naye ameahidi kuiona hiyo siku kwa macho yake. Ndiyo maana anaomba asipandishwe ndege kwanza.

Mkalimani alichelewa kutafsiri. Akakohoa mara mbili.

Tone likanidondokea kwenye paji la uso. Dawa ya jicho, nadhani. Ilikuwa ya uvuguvugu. Machozi yangu yaliyotoka yalikuwa ya vumbi. Sakafu ya ofisi ile haifagiliwi ipasavyo.

Afisa akagonga muhuri pasipoti mbili. Tumepewa mpaka mwisho wa Juni, Bibi na mhudumu wake mmoja. Si miezi sita, lakini tuko ndani. Akamwagiza mkalimani amfikishie Bibi shikamoo yake, akaisema na mwenyewe kupitia kioo, vibaya sana. Bibi akaipokea bila kunyanyua kichwa.

Tukakaribia nyumbani. Shemeji akasema ndala ile tuisamehe. Tena akanibebea stuli.

Kwa kifupi, nimeshinda. Kama si mpango wangu wa bubu, ile marahaba isingepata nguvu ile. Mtu asiyejua mikakati hataliona hilo.

Jumatano, 18 Juni

Muda mrefu sijaandika. Shughuli za michezo.

Kiputo sasa ni kama punje ya dengu. Bibi anakiona kikiteleza chini kabisa ya jicho, anakiita mpangaji, anasema mizigo yake amefunga. Uso ameruhusiwa kunyanyua. Jana alimwona Dada vizuri akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia Dada amekonda. Anasoma mabango ya barabarani kwa sauti bila kuyaelewa.

Timu yetu imeingia fainali. Imeshinda michezo yote tangu waliponipumzisha. Nipo benchi, silaha ya akiba. Fainali ni Jumapili ya tarehe 29. Na leo tulikuwa na miadi, Daktari aangalie kama Bibi anaweza kusafiri wiki ijayo. Wiki ijayo! Kabla ya fainali! Itakuwaje golikipa waliyenaye akiumia?

Kwa hiyo tangu Jumapili nilianza kuugua mgongo. Safari hii nilijiandaa kitaalamu. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo, kujikunja, kukunja uso, kuguna kwa kuanzia tumboni. Bandeji ile ya Bibi nikaizungushia kiunoni, nje ya shati ionekane. Nikajiwekea amri moja tu: nikiulizwa chochote, naguna. Bibi akaniuliza nimejifunza wapi hayo. Nikamwambia kwa makosa yako, mke wangu.

Niliingia chumba cha Daktari nimejikunja kama ndoano, mkono mmoja ukutani, mwingine kiunoni. Dada akatazama juu kumwomba Mungu subira. Daktari akageuka kutoka kwenye meza yake. Akaona bandeji. Akaweka kalamu chini, akasimama wima, akatabasamu kama mwanafunzi aliyekariri usiku kucha, na kwa Kiswahili cha Bibi, kilichonyooka bila kuteleza hata kidogo, akasema:

"Hujambo?"

"Sijambo kabisa, daktari!" nikasema. Nikanyooka. Nikampa mkono. "Mzima wa afya, sina neno! Za kazi? Watoto hawajambo?"

Bibi alicheka mpaka akashika jicho. Daktari akasema jicho hilo limepona, na mgongo pia anaona umepona vizuri. Tunaweza kuruka tarehe 25.

Haidhuru. Jumatatu tuna miadi ya mwisho, na kasoro ya mpango nimeshaigundua. Ilikuwa ni kuongea.

Jumatatu ninaenda nikiwa bubu.